Maghorofa ya mzee huku Sahare, Tanga: nyumba ya kupanga yenye hewa ya kweli

Kuna maghorofa mawili meupe huku Sahare, yamejificha kidogo nyuma ya barabara ya lami, chini na ghorofa mbili juu, kila jengo flati sita. Hayana jina wala kibao, watu wa mtaani wanasema tu kwa mzee, yaani mwenye nyumba. Mi ni mpangaji pale, kaskazi imenikuta humo na kusi imenikuta humo, masika nayo na mvua zake zote, kwahiyo nnachoandika hapa sio cha mtu aliyepita kupiga picha sebuleni akaondoka. Natoa nyota nne kati ya tano na hiyo moja iliyokatwa ntasema imeenda wapi.

Nianze na hewa maana Tanga bila hewa hakuna nyumba. Kila flati imetoka mbele mpaka nyuma ya jengo, yaani una madirisha pande mbili zinazotazamana, upepo unaingia sebuleni unapita mezani unatokea jikoni, hakuna korido ya giza katikati yenye milango kulia na kushoto kama hoteli. Hili jambo dogo ndo limenifanya nihamie hapa. Flati niliyotoka, sitaitaja, ilikuwa na madirisha makubwa ya vioo vizuri kabisa lakini yote upande mmoja, sasa upepo ukija unagonga kioo unaondoka zake kwasababu hauna pa kutokea, ndani hewa imesimama, unapika wali saa sita mpaka usiku chumbani kunanuka nazi.

Alafu luva, yale madirisha ya vipande vya vioo vya kulaza na kusimamisha. Jamani luva zirudi! Saivi kila anayejenga anaweka madirisha ya alminiamu ya kusukuma, yanapendeza sana lakini hebu yaangalieni vizuri, kioo kimoja kinapita nyuma ya kingine kwahiyo hata ukifungua mpaka mwisho umepata nusu tu ya dirisha, ukiweka na wavu wa mbu juu yake upepo unapungua tena. Hapa mzee ameweka luva za vioo kwenye vyumba vyote, zinafunguka karibu dirisha zima, unazilaza mvua ikija ya upande na hewa bado inaingia, na madirisha yenyewe ameyafanya mapana makusudi kwa ajili ya wavu. Nyavu ziko kwenye fremu za kutoa, unachomoa unaosha unarudisha, maana vumbi la barabarani likijaa kwenye wavu ni sawa na kufunga dirisha.

Jua nalo wamelifikiria. Tanga tuko kama digrii 5 kusini ya mstari wa ikweta, jua la mchana linakuwa karibu na utosi, linaloumiza kuta ni la asubuhi na zaidi la jioni, lile linalokuja chini chini kutoka magharibi kuanzia saa tisa alasiri. Haya majengo yamelazwa, upande mrefu unatazama kaskazini na kusini, ule ubavu mfupi ndo unapigwa na jua la jioni, na kwenye ubavu huo wameweka choo na stoo, hakuna anayelala huko. Paa limetoka nje sana kiasi kwamba mchana kuta za vyumba ziko kivulini. Chumba changu cha zamani kilikuwa magharibi, ukigusa ukuta saa nne usiku bado una moto, godoro lina moto, mtoto anahamia sakafuni kwenye vigae.

Tuongee hela sasa. Kiyoyozi cha kawaida cha chumbani mashine yake ikiwa inafanya kazi inavuta karibu kilowati moja, usiku mmoja wa masaa nane hata kama inapumzika katikati unaongelea uniti tano sita. Kwa sisi ambao hatuko kwenye ile bei ndogo ya wanaotumia umeme kidogo, uniti ni shilingi 356 na senti zake, kwahiyo karibu shilingi 2,000 kwa usiku mmoja kwa chumba kimoja, mwezi 60,000. Feni ya darini ya wati 70 kwa saa hizo hizo nane ni nusu uniti na kidogo, shilingi 200, mwezi 6,000. Kule nilikokuwa bila kiyoyozi ulikuwa hulali. Hapa nina feni, na miezi ya kusi hata feni naizima. Kipindi kigumu ni maleleji, pale upepo mmoja umeondoka mwingine haujafika, mwezi wa tatu kuelekea wa nne, siku hizo joto lipo na siwezi kudanganya, lakini ni joto la kuvumilika.

Niliwahi kumuuliza mzee. Nilimkuta anamwagilia miche, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, nikamwambia mzee hizi nyumba zako zina baridi kuliko za wenzako umefanyaje. Akasema mimi nimezaliwa Ngamiani kwenye nyumba ya ukumbi, mlango wa mbele unatazamana na mlango wa uani, mama alikuwa anafungua yote miwili asubuhi basi siku nzima hewa inatembea, nilimwambia mchoraji anichoree ile nyumba yetu lakini aipandishe juu. Na kweli ukikaa ukaangalia ndo hivyo hivyo. Zile nyumba zetu za Ngamiani zenye ukumbi katikati, na zile za zamani za mjini zenye dari refu na varanda pana, na jengo la kale la hospitali ya Bombo la enzi za Wajerumani lililotazama bahari, wote walikuwa wanajenga kwa kuufuata upepo kwasababu umeme wa kupoza nyumba hawakuwa nao. Sisi tumepata umeme tukaacha kufikiria upepo, na bili tunalipa sisi wapangaji.

Sasa kuhusu unyevu, na hapa naomba wenye watoto wanisikilize vizuri. Kijana wangu wa pili ana pumu. Flati ile ya zamani kona ya chumba cha watoto ilikuwa na ukungu mweusi, yale madoa kama masizi yanayotambaa kutoka chini kwenda juu, kila mpangaji akitoka mwenye nyumba anapiga rangi juu yake, mwezi unaofuata yanatokeza tena. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mzima mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu ndani ya majengo, wanasema wazi kwamba wanaokaa kwenye nyumba za namna hiyo wana hatari zaidi ya kukohoa, kubanwa kifua na pumu kuzidi, na dawa yake sio rangi, ni kuondoa maji yanakotoka na kuingiza hewa. Hapa msingi umeinuliwa juu ya usawa wa uwanja, kuna mifereji ya kupokea maji ya paa na imeelekezwa mbali na ukuta, na vyumba vina matundu juu karibu na dari ambayo hayafungwi. Masika nzima sijaona doa. Sisemi nyumba imemponya mtoto, dawa zake anatumia kama daktari alivyoelekeza, ila usiku wa kuamka kumkalisha kitandani umepungua sana na mimi mama yake najua tofauti.

Jikoni pia, mtungi wa gesi unakaa nje kwenye kijumba chake chenye matundu, bomba ndo linaingia ndani. Kwa wale wanaopenda mkaa kuna sehemu ya wazi nyuma yenye paa na bomba la maji, na masharti ni kwamba jiko la mkaa haliingii ndani ya flati, nakubaliana nayo asilimia mia moja kwasababu ule moshi usioonekana wa mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua watu wakiwa usingizini.

Mbu. Mimi niko ghorofa ya pili na mbu wa kuhesabu. Nilidhani ni nyavu tu kumbe na urefu nao unachangia. Hapo Muheza kijiji cha Magoda watafiti na wasanifu wa Denmark walijenga nyumba 6 za majaribio, nyingine za chini na nyingine za ghorofa, kuta nyepesi zinazopitisha hewa na madirisha yenye nyavu, wakazilinganisha na nyumba za kawaida za kijijini, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2017: ndani kulikuwa na ubaridi zaidi na mbu walipungua, hasa zile za ghorofa. Mbu wa malaria wengi wanaruka chini chini. Baadae wakajenga nyumba 110 za namna hiyo mkoa wa Mtwara kuangalia afya za watoto. Nalisema hili kwasababu watu wanadhani mambo ya nyumba ya afya ni ya Ulaya na ya matajiri, wakati kijiji cha mkoa wetu wenyewe kimeingia kwenye majarida ya kitabibu ya dunia kwa nyumba za gharama nafuu, na sisi mjini bado tunabishana kuhusu rangi ya vigae.

Maji: yanatoka ya mamlaka, kuna matanki juu ya mnara wa zege, na kuna tanki la chini la mvua. Hilo la mvua ndo nimelipenda zaidi. Hesabu yake rahisi, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja, kwahiyo paa la mita 200 likipata mvua ya milimita 50 umevuna lita 10,000 kwa siku moja, na masika ya Tanga siku za namna hiyo zipo. Hayo yanatumika kufulia, kudekia na kumwagilia, matanki ya juu yanabaki kwa kunywa na kupikia, na visima vya huku pwani wengi tunajua ladha yake ya chumvi. Mlinzi anaosha matanki mbele ya macho yetu, ukitaka kupanda kuangalia unapanda.

Uwanja wenyewe hauna bwawa la kuogelea wala jimu. Kwangu hilo sio pungufu. Kule nilikotoka bwawa lilikuwepo kwenye tangazo la dalali, maji yalitolewa mapema sana likabaki shimo la kutuogopesha wenye watoto wadogo, na jimu ilikuwa na mashine mbili ambazo chumvi ya bahari ilishazila, na vyote viwili tulikuwa tunavilipia ndani ya kodi. Hapa kuna mti mmoja mkubwa wa mkungu na miembe miwili ambayo mzee alikataa isikatwe wakati wa ujenzi, mpaka jengo la pili likasogezwa. Chini ya mkungu kuna mabaraza ya saruji pande tatu. Jioni kina mama wako pale wanachambua mchele, wazee wana kahawa yao, watoto wanakimbia wote wakiwa kwenye macho ya watu, na mpangaji mgeni anajulikana na kila mtu ndani ya wiki yake ya kwanza. Mama yangu alikuja kutoka Pangani akiwa amesema atakaa siku chache tu, akakaa mpaka akawa na kiti chake pale na watu wa kumuuliza umeamkaje bi mkubwa. Mtu mzima akikaa peke yake ndani ya flati ya juu anazeeka haraka, hilo nimeliona kwa macho.

Na miti yenyewe ina kazi kuliko kivuli. Kuna utafiti wa zamani wa Roger Ulrich wa mwaka 1984, aliangalia wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo hospitali moja ya Pennsylvania, waliolazwa kwenye vyumba ambavyo dirisha linaona miti walitoka mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache kuliko waliokuwa wanaona ukuta wa matofali. Dirisha la jikoni kwangu linaona mwembe. Naosha vyombo naangalia ndege.

Ngazi nazo ziko katikati ya jengo, pana, zina mwanga wa mchana unaopita kwenye matofali ya matundu, huwashi taa kuzipanda na hazinuki, kwahiyo watu wanazitumia bila kulalamika na watoto wamezigeuza uwanja. Chini ya ngazi kuna sehemu ya kufungia baiskeli, yenye paa na vyuma vya kufungia. Huu ni mji wa baiskeli na bado maghorofa mangapi mapya yamekumbuka baiskeli? Wanachora paking za magari kumi mpaka mlangoni, mwenye baiskeli anabeba mgongoni mpaka juu.

Haya sasa nyota iliyokatwa. Kwanza sauti. Sakafu kati ya ghorofa na ghorofa haina kitu cha kuzuia kelele, wa juu akivuta kiti wewe wa chini unajua ni kiti gani, na hewa ikipita vizuri basi na maongezi nayo yanapita vizuri, ukigombana na mumeo jua jengo zima limesikia. Wenye nyumba wanaojenga saivi walifikirie hili mapema kwasababu usingizi nao ni afya, na ukishamwaga zege kurekebisha ni ghali. Pili choo cha ndani cha chumba cha masta hakina dirisha la nje, kina kitundu kinachotoa hewa kwenye shimo la mabomba, hakikauki haraka, naacha mlango wazi kila nikioga. Tatu na hili ndo linaniuma kweli, hakuna mteremko wa kiti cha magurudumu hata kwenye flati za chini, kuna vidato vitatu vya kuingilia kwasababu ya ule msingi ulioinuliwa. Mama yangu magoti yanamsumbua, vidato vitatu kwake ni safari. Tulimwambia mzee, akasema ataweka upande wa nyuma kwenye flati za chini, fundi alishakuja kupima lakini mpaka naandika haujajengwa. Mlangoni nafasi ipo ya kutosha, ni saruji na siku mbili za kazi.

Kwa wenye viwanja wanaosoma hapa, maana najua Tanga kila mtu anajenga saivi, bandari imepanuliwa, bomba la mafuta kutoka Hoima linaishia Chongoleani, wageni wanakuja na wanataka nyumba. Flati yangu ya vyumba viwili ni 400,000 kwa mwezi, mwaka 4,800,000. Flati ikikaa tupu miezi miwili tu kwa mwaka umepoteza 800,000, sehemu ya sita ya mapato yote, hapo hujapiga rangi upya na hujamlipa dalali. Huu mji tunausifia kwa ule msemo waja leo waondoka leo, na kule nilikokuwa wapangaji kweli walikuwa wanakuja leo wanaondoka leo, kila mara kuna gari ya mizigo getini. Hapa kwa mzee kuna familia imekaa tangu jengo lilipofunguliwa. Tofauti ya gharama kati ya luva na vioo vya kusukuma, au kulaza jengo upande huu badala ya ule, haifiki hata kodi ya miezi hiyo miwili, na kulaza jengo vizuri ni bure kabisa, ni mstari tu kwenye ramani.

Wenzetu nje wameshaligeuza biashara. Marekani kuna kiwango kinaitwa WELL, kilianza 2014, kinapima jengo kwa vitu kumi, hewa, maji, lishe, mwanga, mwendo wa mwili, joto na ubaridi, sauti, vifaa vya ujenzi, akili na jamii. Watu wa chuo cha MIT walipolinganisha majengo ya ofisi yenye vyeti vya afya na majirani zake yasiyo navyo walikuta yale yenye vyeti yanapata kodi ya juu kwa asilimia 4.4 mpaka 7.7 kwa kila futi ya mraba. Mzee hana cheti chochote na sidhani kama amewahi kukisikia, ila ukichukua vile vitu kumi ukazunguka navyo uwanjani kwake utakuta karibu vyote vipo, sauti ndo amefeli. Tumieni wabunifu majengo waliosajiliwa, waambieni upepo unatoka wapi kabla hawajafungua kompyuta, na wakiwaletea ramani ya korido katikati rudisheni.

Kwa anayetaka kupanga: wakati naandika flati moja ya chini jengo la pili inaachwa wazi mwisho wa mwezi kwasababu mpangaji anahamishiwa kazi Korogwe. Kodi unalipa miezi mitatu mitatu, umeme kila flati na luku yake, maji yanagawanywa. Dalali hahitajiki, nenda getini ongea na mlinzi atampigia mzee. Ukienda kuangalia nenda saa tisa alasiri wakati jua kali, simama katikati ya sebule madirisha yote yakiwa wazi na feni imezimwa, na kama una mtu mzima wa kuishi naye muulize mzee ule mteremko umefikia wapi, tukiuliza wengi utajengwa haraka.